Mlio Mmoja wa Chuma

Mbololo, Taita
Desemba 1918

Kwa kaka yangu mpenzi Thadeus,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kilindini, wewe na wenzako wa karakana, na kwamba homa hii imeupita mlango wenu bila kubisha. Nawataja katika sala kila siku. Kuhusu hali yetu huku nitakueleza, ila nakuomba usome polepole, mstari kwa mstari, wala usirukie chini kutafuta habari kabla hujaifikia. Nimeipanga kwa namna ambayo mimi mwenyewe nimeweza kuivumilia.

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni. Ni ya kile kipande cha reli ulichokipandisha mlimani wewe na wenzako, mwaka ule mlipokuwa mkijenga njia ya vita ya kwenda Maktau, tukakitundika mbele ya kanisa kiwe kengele yetu. Unakumbuka kinavyolia: mlio unashuka bondeni, unafika kilima cha pili, unarudi. Jumapili ile haukurudi. Ulikatwa katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Ilikuwa hivi. Katikati ya wiki askari wa chifu alileta amri ya serikali: makanisa yafungwe, watu wasikusanyike kwa sala, kwa ngoma wala kwa matanga, wafu wazikwe na watu wa nyumbani mwao tu, na asiye na cheti asivuke kwenda Voi. Alituambia pia tujihadhari na pumzi na mate ya mgonjwa, maana ndimo ugonjwa unamopita. Katekista wetu, Mwalimu Mghanga, alifunga mlango wa kanisa akanikabidhi ufunguo, kwa kuwa mimi ndiye ninayefagia na kufundisha watoto katekisimu. Lakini Jumapili alfajiri mkono wake ulifuata mazoea. Alitoka, akachukua bolti ya kugongea, akapiga mara moja, na kabla ya pigo la pili akaikumbuka amri. Nilikuwa mlangoni pa kibanda cha shule ninapolala. Nilimwona akiitupa bolti na kukikumbatia kile chuma kwa mikono miwili, shavu lake limegandamana nacho, akikibembeleza kinyamaze kama mtoto.

Nawe unajua desturi yetu. Mapigo mengi ni sala, pigo moja ni kifo. Kila aliyesikia kule chini alisikia moja, akangoja, hakusikia jingine. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba Mwalimu amesahau. Walijua mmoja wetu amekufa, na watu wa kwetu hawawezi kusikia msiba wakabaki vitandani kwa sababu ya karatasi. Walikuja mbio, wengine wamejifunika mablanketi, wengine wakikohoa njia nzima. Mwalimu alisimama pale akiwapungia mikono warudi, nao wakazidi kumkaribia wamwulize ni nani aliyefariki. Hata siku ya Pasaka hatujapata kuwa na watu wengi namna ile.

Miongoni mwao alikuja baba.

Baba, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja ule tangu mlipogombana wewe naye. Alikuwa amesikia pigo moja, akajua ninalala pale juu. Alinishika mabega, akanitazama usoni kwa muda, halafu akaanza kunigombeza kwamba kengele yetu ni ya waongo, hata aliyekufa haimjui. Watu walicheka. Baba hakucheka, wala hakuondoka. Aliketi juu ya jiwe apumue, katikati ya watu waliokuwa wakikohoa, mkono wake umeshika ncha ya leso yangu, akakitazama kile chuma. Mzee mmoja alimtania kwamba leo Mwandawiro amekuja kusali. Baba akamjibu:

“Nimekuja kuangalia mzigo wa mwanangu. Hiki alikibeba begani kutoka Voi mpaka huku. Kichwa cha babu yake ndicho kilichomwelemea.”

Sikuandikii hayo ili kukuchoma. Ile siku naikumbuka kama wewe. Babu alikuwa amekaa kaburini muda wa kutosha, kichwa chake kimekwisha kutolewa kipelekwe pangoni penye mafuvu ya wazee wenzake, na wewe mzaliwa wa kwanza ndiwe uliyetakiwa kukibeba. Ulisema Mkristo habebi vitu hivyo. Mimi nilikuwa nimerudi tu kutoka kwa Masista, nilikuwa na jibu la kila swali, nikaona umefanya vyema. Ulishuka Voi bila kumuaga baba. Tangu hapo jina lako lilitajwa nyumbani na mama peke yake, tena kwa sauti ya chini.

Baada ya Jumapili ile watu walianza kulala wagonjwa nyumba kwa nyumba. Mwalimu Mghanga alitangulia. Aliniita nikasimama nje ya dirisha lake, akaniambia kwamba amesikia baba naye ameshikwa, na kwamba Padre hawezi kufika. Sauti yake ilikuwa imekwisha, lakini neno hili alilisema waziwazi: “Maji unayo, na maneno ya kubatiza ulifundishwa. Usije ukaniambia ulikuwa ukimngoja Padre.” Alizikwa na mke wake na mwanawe. Sikuruhusiwa kukaribia, nilisali nikiwa nimesimama kwenye shamba la viazi, kwa mbali.

Basi nikateka maji ya chemchemi, nikayatia kwenye chupa, nikaiziba kwa gunzi, nikaenda nyumbani kumuuguza baba. Chupa ile niliiweka karibu na kitanda chake. Nilidhani hajui ni ya nini. Alijua. Siku ya kwanza tu aliniuliza nikimpa yale maji atazikwa wapi. Sikuweza kumdanganya, nilimwambia atazikwa kando ya kanisa, chini ya msalaba. Akauliza je, kichwa chake baadaye. Nikajishughulisha na blanketi lake, maana Padre haruhusu kichwa cha Mkristo kutolewa kaburini, nawe unajua. Baba akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

“Basi mimi na baba yangu tutakuwa majirani wasiosalimiana,” akasema.

Mama alikuwa akikoroga uji. Hakugeuka. Alisema tu kwamba nifanye nilivyosomeshwa, lakini nimjibu jambo moja: “Mkimpa jina lingine, mimi nitamlilia nani?”

Kaka, sijui kama nimewahi kuogopa vile. Masista walitufundisha kwamba mtu mzima mwenye akili zake habatizwi kwa nguvu. Walitufundisha pia kwamba akipotewa na fahamu, na kama hapo kwanza alionyesha kwa njia yoyote kumtaka Mungu, anaweza kubatizwa, na wala asicheleweshwe. Nami nilikaa pembeni ya kitanda nikijiuliza swali lile lile: baba alipopanda mbio mpaka kanisani, alikuwa amekuja kumtafuta Mungu, au kunitafuta mimi? Ningesema ni Mungu, maji yangekuwa halali. Ningesema ni mimi, ningekuwa mwizi. Kila saa nilipata jibu jingine.

Nikaamua kwenda kumwuliza Padre. Nilimwacha mama na baba nikashuka mpaka kwenye kizuizi, pale njia ya misheni inapoikata njia ya Voi. Askari alikuwa amejifunga kitambaa usoni. Nilimwomba anipitishe, nikamwambia ni jambo la roho ya mtu. Akaniambia nirudi, Padre wetu mwenyewe amelala anakohoa kama wapagani, na Mungu naye amefunga duka mpaka serikali ifungue. Mzee Mahmud, mwenye duka karibu na stesheni, alikuwa pale na punda wake wa chumvi, maana yeye ana cheti cha kufika kizuizini. Alimkaripia yule askari kwa kumjibu hivyo binti wa watu. Kisha akanigeukia akaniambia nisione nimeonewa peke yangu, hata wao hawajakutana Ijumaa, naye siku hizi anasali dukani katikati ya magunia, tena magunia ni waumini wazuri kuliko majirani zake, hayanong’oni. Nilicheka, halafu nikalia mbele yao wote wawili. Mzee Mahmud alisubiri nimalize. Alinipa kibunda cha chumvi na kusema chochote nitakachotaka kupeleka Voi au misheni, nikifikishe pale.

Nilirudi bila jibu. Mama alikuwa amemaliza maji mtungini na alitaka kushuka mtoni. Alikuwa akinisubiri mimi tu. Alipotoka, baba aliniita kwa jina langu la nyumbani, Wakio, akaniambia anataka kutasa kwa ajili yako.

Nikiwa shuleni, Sista aliwahi kuniuliza kutasa ni nini. Nilimweleza kwamba kwetu hasira ya mzazi haikai bure moyoni. Inaweza kumfikia mtoto popote alipo na kumdhuru. Kwa hiyo aliyekasirika huitaja hasira yake, kisha huchukua kinywaji mdomoni na kukinyunyiza kwenye kifua cha mwenziwe ili hasira itoke nacho. Kama mwenyewe hayupo, ndugu yake hukaa mahali pake. Sista alisikiliza, akasema ni ushirikina, na Padre humnyima Komunyo anayekaa mbele ya jambo hilo. Nililiandika akilini kama somo lingine lolote.

Sasa baba aliniambia nikae mahali pako. Alisema anaona anakwenda, na hataki kwenda na kitu chako moyoni, kisije kikakukuta huko baharini. Pombe ya miwa haikuwapo, hakuna aliyekamua tangu homa iingie. Mtungi ulikuwa mtupu. Maji yaliyokuwamo ndani ya nyumba yalikuwa ya ile chupa tu.

Nilimwinua, nikamwegemeza kifuani kwangu. Alikuwa anachoma kama jiwe la jikoni. Niling’oa gunzi. Hapo macho yake yakazunguka, shingo ikalegea, nikadhani amepotewa na fahamu. Chupa ilikuwa mkononi, juu kabisa ya paji la uso wake. Maneno yote yalikuwa ulimini. Mama alikuwa mtoni, hakuna ambaye angejua, hata baba asingejua. Nililiona kaburi kando ya kanisa na msalaba juu yake. Nilimwona mama akisimama mbele yake bila kujua amlilie nani.

Baba akafumbua macho. Aliiona chupa ilipo. Aliniachia mimi.

Niliishusha nikamwekea mkononi.

Nilimlaza juu ya mto, nikapiga magoti mbele yake. Nilijua vizuri ile amri kuhusu mate ya mgonjwa, na nilijua alichosema Sista. Baba alisema: “Thadeus, mwanangu. Hasira niliyokuwa nayo juu yako naitoa. Itoke kama maji haya. Uwe mzima huko uliko, moyo wako upoe, na wangu upoe.” Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikuita kwa jina lako la ubatizo. Akachukua funda moja, akaninyunyizia kifuani. Hakuwa na nguvu, mengine yalimwagikia kidevuni kwake, nikamfuta. Kisha akanywa yaliyobaki, kwa kiu tu.

Baba ametutoka, kaka. Ilikuwa alasiri ile ile, mama akiwa amekwisha kurudi, amemshika mkono. Hakubatizwa.

Tulimzika ubavuni mwa nyumba, mama na mimi na jirani mmoja aliyesaidia kuchimba. Upande wa kichwa nimeweka jiwe jeupe, ili mahali pajulikane. Kabla ya kukata roho baba alisema wakati ukifika uje wewe mwenyewe ukinyanyue kichwa chake. Sikumwahidi kwa niaba yako. Nimekufikishia neno lake, wala sitaongeza langu.

Ya kwangu ni haya. Sijui baba yuko wapi sasa. Nikipiga magoti nasali Baba Yetu, nikifika mwisho naanza tena, kwa sababu nikinyamaza namwona. Tangu jana kichwa kinanigonga. Huenda ni kilio, huenda ndiyo yenyewe imenianza. Nimehama kwa mama, nipo kibandani peke yangu, na barua hii Mzee Mahmud ataifukiza kwa moshi kabla ya kuipeleka kwenye treni. Padre nimempelekea ufunguo wa kanisa kwa mkono wa mzee huyo huyo, pamoja na maelezo ya yote niliyofanya na niliyoacha kufanya, asije akayasikia kwa wengine. Nimemwambia kwamba akiniondoa kwenye kufundisha watoto nitatii. Sikumwambia kwamba najuta, kwa sababu nimejichunguza na sijalipata hilo neno.

Mama anakusalimu sana. Anasema usitoke huko mpaka njia zifunguliwe, ule vizuri, na ulale mbali na wanaokohoa. Uwasalimu wote wanaotoka kwetu, na utuombee kama nasi tunavyokuombea.

Jambo la mwisho nimekwisha kulifanya, kwa hiyo usiniandikie kunizuia. Kengele ya kanisa hailii kwa asiyebatizwa, na kwa amri ya serikali haipaswi kulia kwa mtu yeyote. Leo asubuhi nilipita kwa majirani nikiwaita kutoka mbali, nikawaambia watasikia pigo moja, ni la Mwandawiro, na mtu yeyote asije. Kisha nikapanda, nikaitafuta ile bolti kwenye majani alipoitupa Mwalimu, nikapiga. Watu walitoka wakasimama kila mmoja mlangoni kwake, bonde zima, wala hakuna aliyesogea. Mimi nilirudi nyuma, mikono nimeificha ndani ya leso, nikakiacha chuma chako kilie mpaka kiliponyamaza chenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Margaret Wakio