Bomba la Mvua ya Kwanza

Jumatano jioni

Bomba sikulitoa. Kila mwaka mawingu yakianza kujikusanya, mimi ndiye ninayechomoa bomba linaloshusha maji ya paa la stesheni kwenye tenki, ili mvua ya kwanza ioshe bati na uchafu umwagike chini. Leo mvua imenikuta msibani, kule mtaa wa Shanwe.

Nilirudi mbio. Tenki lilishajaa, na abiria wa treni ya Tabora walikuwa wanachota. Nikapanda ngazi kuangalia mfereji wa paa. Njiwa wawili wameoza humo, na kinyesi cha ndege cha kiangazi chote kimekwenda na maji.

Nilitakiwa kuwazuia abiria pale pale. Lakini mkuu wa stesheni alikuwa dirishani, akaniuliza, "Bomba ulilitoa?"

Nikasema, "Nililitoa, mkuu."

Mama mmoja wa Kisukuma alishajaza dumu lake la safari. Akamnywesha mtoto wake kwa kifuniko, akaniambia, "Asante baba, maji ya mvua hayana chumvi kama ya kisima."

Nikamjibu, "Karibu, mama."

Treni ilipoondoka ndipo nikafunga koki kwa kufuli. Naogopa. Naogopa hata simu kuita kesho. Yule mtoto hajafikisha mwaka, na njia ni ndefu, hakuna zahanati ndani ya behewa, na kama tumbo...

Mke wangu ameuliza mbona leo sijaja na dumu letu la maji, wakati mvua imenyesha. Nimemwambia tenki limepasuka.

Wanangu hawatayaonja.