Miche Mia Nane Uani

Jumanne, 4 Novemba

Miche imefika. Mia nane! Mia tano ya kahawa, iliyobaki ya miti ya kivuli, yote kwenye viriba vyeusi, imejaza ua mpaka mlango wa choo. Mursinah ameuliza kuku wake watalala wapi. Mke wangu ana kipaji cha kuuliza swali dogo mbele ya jambo kubwa.

Bomba la msikiti leo limetoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Na ni mvua mbili tu za mwanzo. Kiangazi kilichopita chemchemi yetu ilijaza ndoo moja kwa muda wa kuvuta sigara nzima. Bado tunalima viazi juu yake, matuta yakishuka wima kama ngazi ili maji yasisimame kwenye mizizi. Hayasimami, kweli. Yanakimbia na udongo mgongoni. Nimeandika haya gazetini mara tatu. Mara ya tatu nilimtaja Pak Tarwadi kwa jina, na Pak ya heshima mbele, maana shamba lake ndilo lililoikalia chemchemi: "Mfalme wa viazi anayekunywa udongo wake mwenyewe." Sentensi nzuri. Bado naipenda.

Mpango ni huu. Nyumba kumi na mbili zenye mashamba kule juu, kila moja iache ukanda wa hatua kumi, tupande miti. Bila ukanda wa Tarwadi, zile kumi na moja ni pambo. Na miche haingoji. Isipoingia ardhini kwa mvua hizi, itafia kwenye viriba, na kiangazi kijacho tutateka maji bondeni.

Alhamisi, 6 Novemba

Nyumba kumi na mbili kwa siku mbili. Zote zimekubali! Kila mahali chai, tempe ya soya ya kukaanga, na "Naam, Pak. Naam." Jumeri, jirani yangu, alisema naam hata kabla sijafika kwenye mmomonyoko. Hata Tarwadi — nilikwenda kwake tayari kwa vita, takwimu mfukoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema ni wazo jema sana, akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Nilirudi nikiimba.

Nikamsimulia Mursinah. Alikuwa anachagua mchele. Akauliza kama kuna hata mmoja aliyetaka kujua kazi inaanza saa ngapi. Hapana, nikasema, wamekubali tu. Akaendelea na mchele wake.

Jumapili, 9 Novemba

Saa moja asubuhi nilikuwa juu ya chemchemi na jembe, kamba na vijiti vya kupimia. Saa mbili. Saa tatu. Ukungu ulipanda, ukashuka. Saa nne akapita Jumeri na mzigo wa majani ya ng'ombe, akanisalimia kwa heshima zote, akauliza kama kuna mtu namsubiri.

Miaka hamsini na mbili katika kijiji hiki, toa sita ya chuo! Mimi ndiye niliyeandika makala nzima juu ya naam yetu — kwamba tunamtolea kila mgeni kama chai, bila kuuliza kama ana kiu. Mhariri alinipongeza. Na nimemeza kumi na mbili bila kupumua.

Nimepanda miche ishirini na mmoja peke yangu, kwenye kipande changu. Mgongo.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeanza makala mpya. "Kijiji Kinachokubali Mpaka Kinakufa." Kurasa tano kabla ya adhuhuri, kalamu inachoma karatasi.

Mursinah amezisoma akiwa amesimama, kitambaa cha jikoni begani. Kisha akaniuliza, taratibu, paa la Jumeri lilipopandishwa mimi nilikuwa wapi. Na sakafu ya msikiti ilipomwagwa. Na kaburi la mama yake Tarwadi lilipochimbwa.

Nilikuwa na makala ya kumalizia. Mara zote tatu. Nilituma pakiti mbili za sigara za karafuu na udhuru wa kistaarabu.

"Baba Ratri," alisema, "unawaomba siku yao. Siku yako wewe hujawahi kuwapa."

Nikamwambia hilo ni suala la mfumo, si la mtu mmoja. Akasema nikawaeleze kuku.

Jumatano, 12 Novemba

Miche ya pembeni inaanza kuwa ya manjano. Naimwagilia, naihamisha, nairudisha. Siwezi kukaa.

Jumapili Tarwadi anampandishia binti yake paa. Siku ya heri imehesabiwa na wazee, haisogezwi. Amepita mwenyewe nyumba hadi nyumba kualika watu. Mimi nilikuwa sokoni. Alisimama kibarazani akamwambia Mursinah kwamba mtu mwenye shughuli nyingi kama Pak Sudarpo asijisumbue hata kidogo, wao wataelewa. Mursinah anasema alikuwa anatabasamu. Tusi limefungwa kwenye jani la mgomba!

Kinachoniuma ni kingine. Binti yake anarudi kutoka Jakarta na mumewe, waje walime. Viazi, lakini walime. Ratri wangu yuko Semarang, kiwandani, anakagua soli za viatu. Jana kwenye simu aliuliza kama maji yamekuwa safi. Nikamwambia karibu. Akasema, naam, Bapak. Na yeye!

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua saa tatu mfululizo. Nimehesabu miche arobaini iliyooza shingo, pale shina linapotoka udongoni.

Makala nimeichana. Hapana — nimeiweka kwenye droo.

Nikienda kesho watasema nimekwenda kuomba. Nisipokwenda watasema kile wanachosema siku zote. Mursinah amenitolea suruali kuukuu, ameiweka kwenye kiti bila kuniuliza.

Jumapili, 16 Novemba. Saa sita mchana

Naandika haraka. Nimekuja nyumbani mara moja tu, wananingoja.

Nilikwenda. Wanaume walikuwa wamejipanga mstari kutoka kwenye lundo la vigae mpaka juu ya paa. Jumeri akauliza kwa sauti kama gazeti limetuma mtu. Mwingine akashauri niwekwe mbali na vigae vilivyopasuka, nisije nikavitaja kwa jina. Wakaniweka chini ya ngazi. Na kwenye ngazi, juu yangu — Tarwadi. Kila kigae kinatoka mikononi mwangu kwenda mikononi mwake. Bahati au ujanja, sijui.

Nilikuwa na hotuba. Pumzi sikuwa nayo. Kwa saa tatu nimekaa kimya kando ya mtu aliyekosea, kwa mara ya kwanza maishani. Nikaangusha kigae kimoja. Tarwadi akasema, bila kugeuka, kwamba hicho naomba kisiandikwe. Mstari mzima ukacheka. Nami nikacheka, nimechelewa kidogo.

Wakati wa kupumzika, wali ukiwa bado jikoni, alikuja akakaa kwenye boriti niliyokaa. Akafuta mikono. Akatazama mlimani.

"Ile kahawa yako, shimo lake linakwenda chini kiasi gani?"

Futi mbili. Ninavyo vitabu vinne vinavyosema futi mbili! Nikafungua kinywa.

"Kwenye udongo wako? Sijui," nikasema. "Wewe ndiye unayeujua."

Kisha akasema kule juu, shubiri mbili tu, jembe linagonga mwamba. Na kwamba hatua kumi hawezi. Nne, labda. Nne! Ukanda wa hatua nne hauzuii hata mbuzi! Ulimi uliwaka moto. Niliubana kwa meno. Akasema nilete mche mmoja aione mizizi yake, sasa hivi, kabla ya wali. Nilikuwa nimekwishainuka.

Nilitaka kumwambia Mursinah kwamba mtu ameuliza. Hayupo. Yuko jikoni kwa Tarwadi tangu alfajiri.

Nimeweka miche miwili mezani, kando ya daftari. Mmoja wa kijani, umenyooka, wa kupigwa picha. Mwingine wa manjano, kama mia mbili na zaidi kule uani. Nikimpelekea mzuri, atapanda akidhani yote iko hivyo. Nikimpelekea mbaya —

Jumeri ananiita kutoka njiani. Anasema wali unapoa, na vigae havijapata miguu. Nimeushika wa manjano. Nimeurudisha. Siwezi kubeba yote miwili na kalamu. Kalamu inabaki.