Mama wa Sungura

Jumatano, 6 Machi

Leo nimefua viatu vya binti yangu Jesang. Tope jekundu hadi ndani ya nyuzi! Kocha Yator huwakimbiza wanariadha wake huku juu, na udongo wa huku ni mweusi. Ule mwekundu unaanza ng'ambo ya mto, mbali kabisa. Nimelima udongo huu miaka arobaini, mtu hawezi kunidanganya kwa tope. Nikamuuliza, umekimbia hadi wapi? Akasema, pale pale tu, mama. Na huku anakula ugali kama mtu aliyetoka jela.

Nikamwongezea mboga. Lakini ule mguu wa kushoto! Miaka miwili haijaisha tangu mfupa upasuke – ufa mwembamba kama unywele, daktari alinionyesha kwenye picha. Miezi mitano alilala hapa akitazama ukuta. Mungu, isiwe tena.

Jumamosi, 9 Machi

Mama Kibor wa jirani amekuja kuazima jembe. "Mama wa Sungura, hujambo!" Miaka minne sasa na bado ananiita hivyo.

Kosa ni langu. Jesang alipopata kazi ya kwanza ng'ambo alinipigia simu: mama, nimechukuliwa niwe sungura. Nilifurahi! Sungura si ndiye mjanja? Si ndiye huwashinda fisi na ndovu kwa akili? Nikajua mtoto atawashinda wote. Nikatayarisha maziwa ya kibuyu, yale tunayowapa washindi, nikawachukua akina mama sita hadi uwanja wa ndege Eldoret, majani ya sinendet, yale ya kuvika washindi, shingoni, tunaimba. Akatoka na begi lake, macho chini. Akasema, mama, nilishuka kilomita ya thelathini. Sungura anawakatia wengine upepo, anawashikia kasi, halafu anatoka barabarani. Ndiyo kazi yenyewe.

Akachukua kibuyu akanywa, mbele ya watu wote, ili nisiaibike. Huyo ndiye mtoto niliyezaa.

Leo nikamjibu Mama Kibor: sungura angalau ana mbio zake, wewe hata jembe huna! Tumecheka hadi tukakaa chini.

Alhamisi, 14 Machi

Tope jekundu tena. Safari hii nikaviweka viatu mezani, karibu na chai yake. Nikangoja.

Amesema yote. Kilomita thelathini na nane! Anaamka kabla ya wenzake, anakwenda peke yake. Tarehe saba mwezi ujao ana kazi ya sungura, mbio za marathoni za wanawake huko Ulaya. Ameajiriwa hadi thelathini. Ila jina lake limo pia kwenye orodha ya wakimbiaji, kwa hiyo akitaka kuendelea hakuna wa kumkataza. Kocha tu ndiye hataki. Kocha anasema mguu ule ni wa thelathini, basi.

"Mama, nina miaka ishirini na tisa. Nimewafungulia njia wanawake wanane wakashinda. Mimi utepe wa ushindi sijawahi kuuona hata kwa mbali. Usimwambie Kocha."

Nikasema sitamwambia.

Jumapili, 17 Machi

Nimemwambia.

Tulikuwa tunatoka kanisani. Kocha Yator akanisalimia vizuri tu, akauliza, mama, mguu wa msichana unaendeleaje? Mdomo ukafunguka wenyewe. Mdomo huu! Ungekuwa mlango ningeutia kufuli.

Jumatatu, 18 Machi

Kocha amekuja asubuhi, hata chai hakunywa. Amepiga kelele hadi kuku wakatoka uani. "Mama, huyu ataniua na presha! Nilimtoa kwenye magongo mimi mwenyewe! Anataka kurudi huko?" Jesang ametazama chini tu. Kisha akanitazama mimi. Afadhali angenitukana.

Amefua viatu mwenyewe.

Ijumaa, 22 Machi

Bado. "Shikamoo mama", "asante mama", basi. Nimempikia kunde kwa maziwa vile anavyopenda. Amekula. Ameosha sahani. Ametoka.

Baba Jesang ananiambia, wewe ulitaka mguu upone au ulitaka mtoto akupende? Nikamwambia vyote viwili! Akasema, haya, ngoja basi.

Jumapili, 24 Machi

Leo nilikuwa nimekaa nje nachambua mahindi ya mbegu. Akaja, akakaa, akaniwekea mguu mapajani. Nikaenda kuchukua mafuta ya kondoo nikaanza kumsugua. Nikaubonyeza mfupa kwa kidole gumba kutoka gotini kushuka chini. Hapa? Hapana. Hapa? Hapana. Hapa?

"Mama, unaniuliza mimi au unauliza mguu?"

"Mguu. Wewe ni mwongo."

Akacheka! Siku saba sijasikia kicheko hicho. Nikainama nijifanye natafuta mbegu chini.

Anasema wamezungumza na Kocha. Kocha hajakubali na hajakataa. Amemwambia: ukifika thelathini, uulize mguu, usiulize roho. Nikamuuliza, na mguu ukikataa? Akasema nitashuka, mama. Nikamtazama sana usoni. Sijui kama ni kweli. Sidhani kama naye anajua.

Jumatano, 3 Aprili

Ameondoka. Baba yake alikagua zipu ya begi mara tatu, kisha akamtemea mate ya baraka kifuani kama wazee. Mimi nilikuwa na maneno mengi, nikasema moja tu: uvae soksi.

Nilimzaa njiani, nikitoka kuchuma mboga. Ndiyo maana anaitwa Jesang, wa nje. Watu wakaniambia huyu hatakaa nyumbani.

Jumapili, 7 Aprili

Sijaenda kanisani. Mungu anajua niliko: kwa Mama Kibor, mbele ya televisheni, daftari nimekuja nalo kwenye kikapu. Sebule imejaa majirani. Baba Jesang yuko karibu na mlango, kofia magotini.

Wameanza saa nne. Yeye mbele na sungura mwenzake, wengine nyuma yao wamejikinga na upepo. Wenzake wana majina kifuani. Yeye ameandikwa kazi yake tu.

Kilomita ya ishirini na tano. Naandika ili mikono ipate kazi.

Thelathini. Yule mwenzake ametoka kando ameshika kiuno. Wangu ameinamisha kichwa kidogo. Anauliza! Nikasema kwa sauti, toka, mama, toka, inatosha!

Hajatoka.

"Huyu amesahau kushuka?" anauliza Mama Kibor. Mtangazaji naye hajui amwite nani, anasema sungura, sungura. Baba Jesang akaiambia televisheni: "Anaitwa Jesang." Akarudia polepole, kama mtu anayemwandikisha mtoto shule. "Jesang."

Thelathini na tano. Wamebaki watatu. Mmoja Muethiopia, mwingine sijui wa wapi.

Thelathini na nane. Kupita hapo hajawahi. Huko mbele hata mimi simjui.

Sasa Muethiopia ameongeza mwendo. Jesang ameachwa hatua tano, sita. Na nikaona – mguu ule wa kushoto umeanza kupiga hatua fupi. Kidogo tu. Hakuna mwingine sebuleni aliyeona. Nikajikuta nimesimama juu ya kigoda cha Mama Kibor na viatu vyangu vya kanisani. "Usisimame! Jesang, usisimame!"

Mimi huyu! Niliona mguu, na nikapiga kelele hivyo.

Arobaini. Akaanza kumkaribia tena, anavuta, anavuta – na picha ikabadilika. Wanaume! Wametuletea mbio za wanaume! Mama Kibor anaipiga televisheni ubavuni, anawatukana watu wa Ulaya mmoja mmoja. Tumrudie mtoto, bana! Wanaume wanatuhusu nini leo!

Dakika nne. Baba Jesang ametoka nje, amerudi, ametoka tena.

Dakika ya nane. Mahali fulani ameshafika, au amekaa chini barabarani. Huko barabarani watu wanajua. Mama yake hajui.

Mama Kibor ananishika mkono. Wewe ulikuwa karibu zaidi, ananiambia, mwisho pale nani alikuwa mbele?

Sijui. Sikuona nani alikuwa mbele. Nilikuwa naangalia mguu.

Bado ni wanaume.