Rimoti Iliyokuwa Mfukoni Mwako

Baba Nuru, mume wangu,

Assalamu alaikum, wewe uliyetangulia. Bado nimo edani, sijafika hata kaburini kwako, ndiyo nimeshika kalamu. Maalim alituambia kuwa nikitaka kukutendea wema nikuombee, na nakuombea kila nikimaliza sala. Lakini kuna mambo ya nyumba ambayo si ya kutiwa kwenye dua. Hayo nilizoea kukwambia wewe, ukivua koti. Hili ni la rimoti.

Usicheke. Kitu hicho kidogo kilikaribia kutunyang'anya mama yako.

Unakumbuka ulivyoivika nailoni siku ile ile dikoda ilipoingia nyumbani? Nikakwambia, "Umeikafini kabla haijafa." Ukanijibu, "Mikono yangu ni ya unga, Bi Rukia. Ikiingia unga, itatuonyesha mikate tu." Unga ukapenya hata hivyo, maana mwoka mikate ya mofa hata akikoga mara ngapi unga humfuata, na chini ya ile nailoni vitufe vikawa na weupe pembeni. Wala hukuiacha mezani hata siku moja. Uliitia mfukoni mwa koti lako la kijivu, ukaenda nayo tanurini, ukaenda nayo msikitini, mpaka siku moja ukasujudu ikakutoka ikaanguka mbele ya safu. Ulirudi umekunja uso, mimi nikidhani kuna msiba. "Wananiuliza kama naweza kumpunguza imamu sauti," ukasema, kisha tukacheka mpaka chai ikapoa.

Ulikuwa na sababu ya kutembea nayo. Mama akiiona tu alibonyeza, akaipoteza stesheni ya Makka, na ikipotea Makka nyumba haikaliki. Hija hakuijaliwa. Ulipopata uwezo wa kumpeleka, miguu ilikuwa imeshakataa, na baadaye akili nayo ikaanza kumwacha kidogo kidogo. Kila magharibi ilipokaribia alianza kuhangaika, anafunga kibindo, anatafuta viatu, anasema, "Twendeni, ndia ni refu." Wewe ukamkalisha kwenye mkeka, ukabonyeza, akaliona Kaaba na watu wanaizunguka. Ukaiongeza sauti polepole, kama mtu anayefungua pazia, ukamwambia, "Tumefika, Mama." Mabega yake yakashuka. "Alhamdulillahi," akasema, akatulia mpaka isha.

Mimi nilikuuliza siku moja kama huko si kumdanganya mzazi. Ulikung'uta unga mikononi kwanza. Kisha ukasema, "Macho yake yamefika, Mama Nuru. Zaidi ya hapo simwambii kitu." Neno lile nililiweka.

Basi ule ugonjwa wako wa kifua ukazidi, na Mola akachukua amana yake. Siku za matanga tulikuwa tukiiwasha tivii kwa kitufe chake cha ubavuni, na dikoda ilikuwa pale pale ulipoiacha, Makka, kwa hivyo hakuna aliyeuliza rimoti iko wapi. Watu wakatawanyika. Tukabaki mimi na Mama na dada yako Zainabu, aliyekuja kutoka Mombasa kunisaidia siku za mwanzo za eda. Kisha stima ikakatika. Iliporudi, dikoda ikaamkia stesheni ya kwanza, ile ya ngoma na vijana wanaorukaruka.

Mama akafunika macho kwa ushungi. "Hapa sipo," akasema. "Tumepotea ndia."

Dikoda yetu haina hata kitufe kimoja usoni, unaijua. Nikatafuta rimoti chini ya mto, juu ya kabati, mpaka ndani ya pipa la mchele. Zainabu akachomoa waya akaurudisha, ngoma zikarudi vile vile. Tukaizima tivii. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Siku ya pili yake, alasiri, nilikuwa nakuna nazi jikoni. Nikasikia kimya. Wewe unakijua kile kimya cha nyumba iliyotokwa na mtu. Mlango uko wazi, viatu vya Mama havipo. Zainabu alikuwa sokoni. Nikasimama kizingitini, mguu mmoja ndani, Baba Nuru, mwanamke wa eda, na mama yako yuko huko kwenye vichochoro na punda wenye mizigo ya mchanga. Sikumuuliza Maalim. Nikajitupia buibui nikatoka mbio. Watu walinitazama, wengine wakainamisha macho kwa kunistahi, mimi nauliza kila daka walipoketi watu, "Mmemwona Bi Mkubwa? Mmemwona?"

Nilimkuta gatini, amesimama kwenye ngazi za chini, zile zenye ukoga wa bahari, maji yanamgusa vidole. Anawaambia wenye mashua, "Nipakieni. Mwanangu ametangulia." Wale vijana walikuwa wamemshika mikono kwa adabu, hawajui wacheke au walie. Mimi nilijua.

Zainabu aliporudi hakupiga kelele, na ndipo nilipoogopa. Alikaa akakunja mikono. "Wifi, mimi sikulaumu. Lakini wewe uko edani. Yeo umemkimbilia, kesho utamkimbilia, na siku utakayochelewa je? Ijumaa narudi Mombasa. Asipotulia kabla ya hapo, naondoka naye."

"Utamweka wapi? Nyumba yako iko ghorofani."

"Nitafunga mlango kwa ufunguo."

"Mama afungiwe?"

"Afungiwe akiwa hai, wifi. Bora kuliko kuokotwa majini."

Alikuwa mwanawe wa kumzaa, na alisema kweli. Nilisema tu, "Nitafutie rimoti kwanza." Akanitazama kama niliyeomba wanja edani.

Lakini alikwenda. Alisimama dukani akanipigia simu. "Kuna hii nyembamba, inaamuru tivii zote, dikoda haiijui. Kuna hii yenye karatasi ya namba, anasema ni ya tivii na dikoda na redio, moja kwa vyote. Na kuna moja ina vitufe vikubwa kama biskuti."

Nikachagua ile yenye karatasi, kwa kuwa ilikuwa na maneno mengi zaidi. Asubuhi nzima tukaifanyia kazi. Unabana kitufe cha kuseti mpaka taa nyekundu isimame, unaingiza namba kutoka kwenye karatasi, unajaribu. Zainabu anasoma, mimi nabonyeza. Tivii ilitii upesi, sauti ikapanda ikashuka. Dikoda, hata kidogo. Namba baada ya namba, taa inazima, ngoma zile zile. Mwisho tukagundua jina la dikoda yetu halimo kabisa kwenye ile karatasi. Na Mama ametufikia pale, amefunga kibindo chake. "Mmemaliza kufunga mizigo?" akauliza.

Zainabu akarudi dukani kubadilisha. Nikamsikia kwenye simu akigombana na muuzaji, na yule bwana akimtuliza. "Dada, chukua hii ya vitufe vikubwa. Hii haina karatasi. Haijui kitu, ni kama mtoto anayeanza chuo, lazima apate wa kumsomesha. Unaiweka uso kwa uso na ile ya zamani, kitufe kwa kitufe, inaiga."

"Na kama ya zamani haipo?"

"Basi hii ni biskuti kweli."

Alipoingia na kuniambia hivyo tulitazamana, na nadhani koti liliingia vichwani mwetu kwa pamoja. Nguo zako zilitolewa sadaka baada ya hitma. Zainabu mwenyewe alizikunja. Hakuna aliyetia mkono mfukoni, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kutia mkono mfukoni mwako. Koti alipewa Bwana Athmani wa Wiyoni, yule aliyekuletea magunia ya unga kwa punda wake miaka yote.

Zainabu akampigia. Nikamwona anafumba macho. "Ipo," akaniambia. "Lakini mkewe amelifua koti nayo ndani."

Ilikuwa Alhamisi, alasiri imeshaingia. Mkoba wa nguo za Mama ulikuwa tayari mlangoni, Zainabu ameufunga bila kuniuliza. Mama anatembea ukumbini, anagusa komeo, anarudi, anagusa komeo. Mimi nikaingia chumbani nyuma ya pazia, maana mwanamume wa nje alikuwa njiani kutuletea.

"Hodi."

Mama akawahi mlango kabla ya Zainabu. Na pale mlangoni amesimama Bwana Athmani na koti lako la kijivu mwilini. Kulikuwa na manyunyu, maskini, alilivaa bila kuwaza. Nilichungulia penye mpasuko wa pazia na moyo wangu ukanihadaa hata mimi, Mola anisamehe.

"Swaleh," Mama akamwita kwa jina lako. "Umechelewa."

Zainabu akaziba mdomo. Nikamwona Bwana Athmani anatazama chini, anatazama juu. Angeweza kuitika kama wewe, kwa neno moja tu, mambo yakaisha. Nami nilitaka aliseme, na niliogopa asije akalisema.

"Nimechelewa kweli, Mama," akajibu. "Lakini mimi ni Athmani. Swaleh ametangulia."

Mama akamsogelea. Akashika mkono wa koti, akausugua kwa vidole kama anayepima kitambaa dukani. "Koti ni lake."

"Ni lake, Mama. Nimepewa."

Mama akauachia mkono wa koti. Kisha akaanza kumfunga vifungo, kimoja kimoja, kuanzia chini. "Basi lifunge," akasema. "Mwenye koti hili ana kifua."

Bwana Athmani aliacha afungwe mpaka cha shingoni. Alikuwa analia wazi, mtu mzima yule.

Tukaanza kazi. Ile nailoni niliyokuwa nikiicheka, Baba Nuru, ndiyo iliyoiokoa. Maji yaliingia kidogo tu, unga umeganda kama chokaa. Zainabu akatia betri mpya, akaielekezea kamera ya simu, maana muuzaji alimwambia taa ya puani mwa rimoti macho hayaioni, simu huiona. "Inawaka!" akapiga ukelele. "Hafifu, lakini inawaka."

Akaziweka uso kwa uso kwenye mkeka. Kitufe cha kuwasha, taa ya ile mpya ikapepesa haraka, imeshika. Sauti juu, imeshika. Sauti chini, mara ya kwanza kimya, mara ya pili ikashika. Kisha namba tatu, ambako wewe ulikuwa umeiweka Makka. Kimya. Akabonyeza kwa kucha. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu mpaka kidole kikawa cheupe. "Imekufa, wifi," akaniambia kupitia pazia. Nje adhana ilikuwa karibu. Mama akainuka, akaenda kukaa juu ya ule mkoba mlangoni, kama abiria.

Nikajifunika, nikatoka. Nikasema moyoni, Mola wangu, nia yangu unaijua. Bwana Athmani akageuza uso ukutani. Zainabu alikuwa akiibonyeza katikati. Lakini mimi nimekaa ubavuni mwako magharibi ngapi? Namba tatu hukuibonyeza katikati, iliharibika zamani. Uliinamisha gumba, ukakisukuma kitufe ubavuni, kuelekea kwako, ukakishikilia kidogo. Nikaweka gumba langu pale. Nailoni ilikuwa na shimo dogo la gumba lako. Nikasukuma, nikashikilia, nikasema bismillahi.

Taa ikapepesa.

Zainabu akataka tuongeze kile cha kunyamazisha. Tukajaribu, tukajaribu. Kamera haikuona kitu tena. Ile ya zamani ilikuwa imemaliza.

Nikabonyeza biskuti yenye tatu. Ngoma zikakatika, na Kaaba ikajaa ukumbini, watu wanazunguka. Nikaongeza sauti polepole. Mama akanyanyuka juu ya mkoba, akaja akakaa kwenye mkeka. Akawa anasubiri. Akamtazama Bwana Athmani, akamtazama Zainabu, mabega bado yako juu. Ndipo nikafahamu kwamba rimoti yote ile ilikuwa nusu ya kazi tu.

Neno lako lile nikalikumbuka. Macho yake yamefika.

"Tumefika, Mama," nikasema.

Sauti yangu ilikatika katikati. Lakini mabega yakashuka. "Alhamdulillahi," akasema, na adhana ikaingia.

Zainabu aliubeba ule mkoba akaurudisha chumbani. Nilisikia akizitoa nguo moja moja, na anapenga kamasi. Ijumaa aliondoka peke yake. Kabla ya kushuka gatini akaniweka mkono begani, "Wifi, ukichoka uniambie. Usiwe shujaa."

Sitakuficha, bado naogopa. Stima ikikatika namshika Mama mkono kwanza, taa baadaye. Vijana wa gatini nimewatumia salamu wamjue. Kuna siku anagusa komeo hata Makka ikiwa imewaka, na siku hizo mchana unakuwa mrefu kweli kweli. Ile rimoti mpya haijui kunyamaza, kwa hivyo Mama akisinzia naipunguza sauti kidogo kidogo, mpaka nasikia pumzi zake. Ya kwako iko rafuni na nailoni yake. Koti yuko nalo Bwana Athmani, na akileta unga kwa jirani hupita kumwamkia Mama, vifungo vyote vimefungwa.

Na Zainabu hupiga simu kila magharibi kutoka Mombasa. Haulizi habari, haulizi tumekula nini. Yeye, aliyetaka kufunga mlango kwa ufunguo, huuliza neno moja tu, "Mmefika?" Nami humjibu, "Tumefika."

Sasa nakuuliza wewe, mume wangu, swali hilo hilo. Sitarajii jibu, kwani jibu lako analo Mola peke yake. Namwomba awe amekukalisha mahali pa utulivu, amekushusha mabega, na kifua chako hakikuumi tena. Eda ikiisha nitakuja nikuamkie kwa miguu yangu. Mpaka hapo, mama yako ni amana, nami nimeishika.

Mkeo aliye edani,
Mama Nuru