Flashi Ndogo

Shikamoo Baba Mdogo,

Sisi hatujambo, na mama anakusalimu. Tulikwenda na baba dukani Jumamosi kuchagua flashi ya betri unayotaka kumnunulia, ili apige picha za harusi hata pasipo na umeme.

Flashi kubwa ina mwanga mkali, lakini ni nzito kama tofali. Ndogo inaingia kwenye mkoba wangu wa shule, ila mwanga wake haufiki mbali.

Muuzaji alimtania baba, "Mzee, chukua kubwa. Hata bi harusi aliyenuna atang'aa."

Baba akamjibu, "Akinuna ni shauri la mumewe, mimi simo." Tukacheka.

Kisha muuzaji akamsogezea baba ile kubwa upande wa kulia, akaiwasha. Mimi nilifumba macho. Baba hakupepesa hata kidogo. Alisubiri, halafu akauliza, "Mbona huiwashi?"

Muuzaji alinitazama, akaanza kupangusa meza.

Baba Mdogo, jicho la kulia ndilo baba analoliweka kwenye kamera. Njiani aliniambia daktari amesema hilo limekwisha, na la kushoto linalifuata, wala hakuna dawa. Mama anadhani ni uchovu tu. Nimekatazwa kumwambia, lakini wewe sikukatazwa.

Baba anataka ile kubwa. Anasema itamsaidia kuona.

Tafadhali nunua ndogo. Kubwa mimi siwezi kuibeba, na ameshaanza kunifundisha.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba