Kilo Nilizoahidi Bila Kumuuliza Nekesa

Alhamisi, Huruma, Eldoret. Jua linazama, chai iko mezani inapoa.

Hamjambo wapendwa mnaopitia ukurasa huu wangu mdogo? Vifua vyenu vinaendeleaje na baridi hii? Huku kwetu ukiosha uso asubuhi maji yanachoma kama sindano, halafu ikifika saa sita ni jua na vumbi mpaka kwenye meno. Mimi mwili uko salama, Mungu ashukuriwe. Roho ndiyo imekataa kutulia. Nimekasirika tangu asubuhi, na mtu niliyemkasirikia ndiye anayeandika haya.

Wageni, niwaeleze kidogo. Mimi ni fundi wa mbao, natengeneza vitanda na viti. Jioni nafundisha ndondi kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa letu. Pasta alituruhusu tuning'inize mfuko wa kupiga, mradi Jumamosi tuushushe ili Jumapili watoto wasije wakaupiga wakati wa mahubiri.

Bondia wangu ni mmoja tu wa kusemwa. Nekesa, mtoto wa dada yangu, miaka ishirini na sita. Mchana anasuka nywele, Jumapili anaimba kwaya, na ngumi yake ya kushoto mimi mwenyewe siishiki na glavu moja. Miaka miwili tumengoja pigano la kulipwa. Miaka miwili ya kuambiwa "tutawaita".

Mwezi uliopita tukaitwa.

Sasa hapa ndipo nataka kuungama, na nawaomba mnivumilie, kwa sababu hata kwa pasta sijasema yote.

Kanisa letu huanza mwaka kwa kufunga. Siku saba, maji mchana na uji mwepesi jioni, na maombi kila alfajiri. Nekesa alifunga zote, hakuruka hata moja. Jumapili ya kufungua, tukitoka ibadani, tulipita kwa yule mzee mwenye mzani pale karibu na soko. Nekesa akapanda na gauni lake la kwaya. Kilo hamsini na tatu na nusu! Yeye kawaida yake ni hamsini na saba. Tukacheka. Nilisema, "Aki Mungu ananifanyia kazi yangu."

Jioni ile ile promota wa Nairobi akapiga simu. Akasema msichana wake ni mdogo wa mwili, kilo hamsini na moja bila kujinyima chochote, kwa hiyo hawezi kupigana na mtu anayezidi hamsini na mbili. Akaniuliza, wenu yuko ngapi?

Ningesema hamsini na saba. Ndiyo ilikuwa kweli. Lakini niliogopa akikata simu hatapiga tena. Kwa hivyo nikasema, "Leo tumempima, hamsini na tatu na nusu. Hiyo hamsini na mbili atafika akiimba."

Si uongo, sivyo? Mzani ulisema hivyo. Lakini nilimficha kwamba ule ulikuwa mwili wa mtu aliyetoka kufunga siku saba. Nilichukua sadaka ya mpwa wangu mbele za Mungu nikaipeleka kwenye mapatano.

Hiyo ndiyo inaniuma.

Mkataba ulikuja kwa simu, nikauchapisha kwa saiba, pale kwenye kompyuta za kukodi. Uzito usizidi hamsini na mbili siku moja kabla ya pigano. Halafu kifungu kingine chini: asubuhi ya pigano mnapimwa tena, na usizidi hamsini na tano. Kwa wasiojua, mabondia wengi hujikausha maji ili wapite kwenye mzani, halafu usiku wanakunywa na kula, na kesho yake wanapanda ulingoni wakiwa wazito. Hicho kifungu cha pili kinafunga huo mlango. Ukishajikausha, unabaki nusu umekauka mpaka kengele inalia. Na mtu aliyekauka akipigwa kichwani, ngumi inaingia ndani zaidi. Mimi najua. Nikiwa kijana nilijikausha kwa pigano la wilaya, na raundi ya tatu mpaka leo nasimuliwa na wengine. Mimi siikumbuki.

Nilijua hayo yote na bado nikatia sahihi. Nekesa akatia yake chini ya yangu, amesimama, bandeji bado mkononi. Hakuuliza kitu. Aliniamini.

Basi akarudi kula kama watu, na uzito ukarudi kama kawaida. Tukaanza kukimbizana nao. Ugali nikaukata, chai bila sukari, mazoezi mara mbili. Jana alikuwa hamsini na tano na gramu mia nane. Zimebaki siku tisa.

Leo asubuhi nikamvalisha sweta mbili na koti la mvua la plastiki juu, akimbie jasho litoke. Sasa, nyinyi mnajua Eldoret. Huku hukimbii peke yako. Tukiwa tunapanda kuelekea Chepkoilel, mimi na baiskeli nyuma, likatupita kundi la wakimbiaji, miguu mirefu kama twiga, hawahemi. Mmoja akageuka akaangalia lile koti, akaangalia mbingu iliyo kavu kabisa.

"Dada, kwenu kumenyesha?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nekesa hakosi jibu. "Kumenyesha jana! Nyinyi hamkuona kwa sababu mlikuwa mnakimbia mbio sana!"

Wakacheka tena, mmoja akampungia mkono. Na mimi nikacheka. Baada ya hatua kama ishirini hivi, akasimama. Akashika nguzo ya stima. Nikamsikia anasema, polepole kabisa, "Anko, mbona barabara imekuwa nyeupe?"

Akakaa chini kwenye vumbi.

Nilitupa baiskeli. Nilimvua lile koti, na jameni, ndani alikuwa mkavu. Mwili haukuwa na jasho tena la kutoa. Nikamuuliza amekunywa nini. Akaniambia kikombe kimoja cha maji tangu jana mchana, hataki kuniangusha kwa mzani. Mama mmoja aliyekuwa anauza maziwa akatumiminia ya moto kwenye kikombe, akakataa kulipwa, akaniangalia mimi kwa macho ambayo sitayasahau.

Nekesa alikunywa taratibu. Alipopata nguvu akaniuliza kitu bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza saa.

"Mwezi jana nilikuwa nafunga kwa Mungu. Sasa hivi nafunga kwa nani, Anko?"

Nilimrudisha nyumbani nikamwacha amelala, mke wangu akimpikia uji. Mimi nikaenda karakana, nikafunga mlango, nikapiga magoti kwenye takataka za mbao nikaomba. Nikainuka nikiwa nimeamua. Nikampigia promota, nikamwambia ukweli wote, habari ya kufunga, habari ya hamsini na saba. Nikamwambia hatuji.

"Mzee," akasema, "wewe ndiye uliniambia atafika akiimba. Mimi sikukuvuta ulimi."

"Ni kweli. Kosa ni langu."

"Kosa lako, na mabango yangu je?" Akakata.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyetua gunia. Nilidhani nimefanya jambo la kiume, la Kikristo pia. Nilimkuta Nekesa ameketi mlangoni na bakuli la uji, nikamwambia, nimelivunja lile pigano, pumzika sasa, ule.

Nilingoja aseme asante. Nawaambieni ukweli.

Aliweka bakuli chini. "Umelivunja lini?"

"Mchana huu."

"Bila kuniuliza?"

"Lakini Nekesa, umeanguka barabarani!"

"Nimeanguka mimi. Ningesema mimi." Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Anko, mara ya kwanza uliahidi kilo zangu bila kuniuliza. Nikatia sahihi kwa sababu ulikuwa umeshaahidi, ningekuaibisha vipi? Leo umezirudisha, pia bila kuniuliza. Hizi kilo ni za nani?"

Akaniambia kitu ambacho mimi kocha nilipaswa kujua. Kwamba hamsini na nne anaifika bila kujikausha. Aliwahi kuifika mwaka jana kabla ya mashindano ya kaunti, akila ugali wake wa mchana na mboga za managu, akiacha mandazi tu. Angeomba hamsini na nne, na ile ya kupimwa asubuhi iondolewe. "Wakikataa, basi wamekataa. Lakini ningekuwa nimeomba."

Akaninyooshea mkono nimpe simu. Akapiga mwenyewe, akaweka sauti ili nami nisikie. Aliongea vizuri kuliko mimi, bila kujisifu na bila kunyenyekea kupita kiasi. Upande wa pili promota akashusha pumzi.

"Dada, ungenipigia wewe asubuhi, ningemshawishi huyu wangu. Hamsini na nne tungeongea. Lakini mzee wako aliniambia hamji. Nimeshampigia mwingine, yuko Nakuru, amekubali."

"Sawa," Nekesa akasema. "Asante kwa kuniambia." Akanirudishia simu, akachukua bakuli lake, akaingia ndani.

Kwa hivyo ndivyo nilivyompotezea pigano moja mara mbili. Mara ya kwanza kwa kuogopa, mara ya pili kwa kujiona mwema.

Nimekaa hapa nikiangalia zile glavu zake msumarini. Mungu amenisamehe, hilo naamini, nimeliomba kwa machozi. Nekesa je? Saa moja iliyopita alitoka akapita mbele yangu akienda mazoezi ya kwaya. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, anataka nifanye nini. Akafikiria, akasema, "Si una ule ukurasa wako wa kuandika? Waandikie."

Basi nawaandikia. Nina bondia wa kike, mpwa wangu, anapigana kwa kilo hamsini na nne, amekula na amelala. Kama unamjua kocha au promota yeyote mwenye msichana wa uzito huo, iwe Turbo au Kisumu au hata mbali zaidi, tafadhali nijibu mapema, usingoje wiki iishe. Niambie uzito wao, siku, na wanavyotaka kupima.

Ila usitegemee nikujibu hapo hapo. Nitampelekea Nekesa simu kwanza.