Picha ya Ishirini na Nne ya Tsanko Radoykov

Baba yetu mpendwa,

Leo umetimia mwaka tangu ulipotundika koti lako jeupe nyuma ya mlango wa chumba cha giza, usilivae tena. Tunakuandikia sisi wa nyumbani, na kalamu nimeishika mimi, bintiyo Zdravka. Kaa vizuri, Baba. Tuna habari, na ni za ushindi.

Unaukumbuka ubishi wako na mzee Mincho, fundi saa wa mlango wa pili. Mji wetu wa Troyan ulikuwa na studio nne za kusafisha picha. Moja ikawa duka la simu, nyingine benki, ya tatu sasa haina hata paa. Kila asubuhi Mincho alikuja na kahawa yake kukuchokoza: "Tsanko, mikanda ya picha imekufa, wewe tu ndiye umebaki kukaa matanga." Nawe ulimjibu, "Nitatangulia kufa mimi, mikanda itabaki, we mzee. Tusubiri tuone." Na watu waliendelea kushuka kwenye basi la kutoka mji wa Lovech, mikanda mfukoni, kwa ajili ya kibao chako: ASUBUHI LETA, JIONI CHUKUA.

Ulikuwa mpole kwa kila aliyeharibu mkanda. Aliyefungua kamera kwa pupa hukumcheka, ulimwokolea zile picha chache zilizopona na kumwambia ndizo nzuri kuliko zote. Ulipiga mbinja gizani. Ulinuka siki ya dawa zako hadi kanisani, na Mama akachoka kusema.

Nusu ya matangazo ya msiba kwenye milango ya mji huu yana picha ulizopiga wewe. Lako lilitoka na picha ya kitambulisho, umenuna utadhani umekamatwa na polisi. Hatukuwa na nyingine. Miaka yote ulikaa nyuma ya kamera. Mama alilibandika mlangoni akiwa amegeuza uso.

Sasa tukuombe radhi kwa ile siku ya arobaini. Ngano ya kuchemsha ya kukumbukia wafu ilikuwa tayari, mishumaa inawaka, na Mjomba Genko akafungua chupa ya rakia, pombe yetu kali ya plamu, akaimimina kaburini kama ilivyo desturi, yote, kwa moyo mkunjufu. "Mungu amsamehe," tukaitikia. Kisha akanusa chupa.

"Mbona hii haina harufu?"

"Genko!" Mama akashtuka. "Umeitoa wapi?"

"Studioni, kwenye rafu. Si imeandikwa plamu?"

Ilikuwa dawa yako ya kusafishia, Baba. Ni wewe na mtindo wako wa kutotupa chupa! Tulikunywesha lita nzima, ya mwisho uliyoichanganya kwa mkono wako.

Tulianza kucheka, mpaka tulipoona Mama analia. "Nilikuwa naitunzia mkanda wake," alisema. "Bado umo ndani ya kamera. Siku ile nachemsha jamu, alininyang'anya mwiko akanipa kamera. Picha ya ishirini na nne nilimpiga mimi. Alikuwa anacheka."

Genko, kwa aibu, alitaka tuupeleke Sofia kwa basi. Wiki tatu tu, alisema. Mama hakutaka hata kusikia. "Mkanda wa mwalimu Iskra ulipelekwa huko, ukapotelea njiani. Ukipotea huu, nitampiga wapi tena? Zdravka atausafisha hapa hapa."

Mimi, Baba! Mwalimu wa jiografia! Nilichanganya unga wa dawa kwa kufuata daftari lako, nikajaribu kwanza na mkanda wa kujifunzia. Ukatoka mtupu kama kioo cha dirisha. Nilikuwa nimetanguliza dawa ya pili. Nilikaa chini kwenye vigae nikaogopa kweli, maana wako ulikuwa mmoja tu.

Mincho alisikia kilio changu akaja. "Daftari la nini?" akasema. "Kila kitu aliandika mlangoni. Toeni hilo koti."

"Hilo haliguswi," Mama akasema.

"Rayna, litoe. Nilimwona akiandika."

Mama alilitoa polepole, akanivisha mimi. Pale mlangoni lilipokuwa limening'inia, kwa penseli, yalikuwepo yote: ipi kwanza, ipi pili, joto digrii ishirini, dakika tisa, na chini kabisa, "Usiwe na haraka, Zdravka." Kumbe ulijua nani atakuja kusoma.

Nikazima taa, nikautia mkanda chomboni kwa kupapasa, nikamimina dawa. Mincho alisimama mlangoni na saa mkononi, yule yule aliyeizika mikanda ya picha kila asubuhi, akipaza sauti: "Dakika ya tano! Geuza, mwanangu! Ya sita! Usitetemeke!" Genko alishika chupa zote akizinusa moja moja. Nilipoinua mkanda kwenye mwanga, nilianza kuhesabu. Madirisha, paka wa kanisani, Mincho amesinzia. Zote zilitoka. Nilipofika ya mwisho nilimpa Mama, akaitazama hivyo hivyo, nyeusi mahali pa nyeupe, akasema, "Ndiye." Alikutambua kwenye negativu!

Tumefungua tena, Baba. Kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza mteja wa kwanza alikuwa Mincho, na mkanda wa kamera ya zamani ya marehemu mkewe. Aliuweka mezani, akasema, "Mwambieni amenishinda."

Tunakukumbuka na hatutaacha: mkeo Rayna, bintiyo Zdravka, shemeji yako Genko, ambaye leo, kabla ya kumimina, ataonja kwanza, na jirani yako Mincho, aliyeomba jina lake liandikwe pamoja na majina ya ndugu.

Tangazo lenye picha ya kitambulisho tumelibandua. Hili jipya, lenye barua hii, liko mlangoni petu, kituoni na kwenye mti mbele ya duka la mikate, na watu wanasimama kulitazama, kwa sababu unacheka, mwiko mkononi, jamu hadi kwenye kiwiko.

Picha imepigwa na Rayna na kusafishwa na Zdravka, hapa hapa Troyan. Ililetwa asubuhi, ikachukuliwa jioni.